Kesho ya Kwenye Kaunta

Ndugu msomaji, habari hii ni ya kabureta. Najua wengine mmefungua ukurasa mkitegemea mapenzi au mauaji, lakini vumilieni kidogo, maana na humu uongo umo, na maua yamekufa.

Mwezi wa saba huku kwetu Tandahimba mikorosho inatoa maua. Mgeni akipita atasema pazuri. Mkulima yeye haangalii uzuri, anatafuta ubwiriunga. Ni ukungu mweupe, utadhani mtu amepita usiku akimwaga unga wa muhogo juu ya machipukizi. Ukiachwa, maua yanakauka, yanakuwa meusi, na hapo korosho huna tena. Dawa yake tunayoijua zaidi ni salfa. Inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani na upepo haujaamka, halafu unarudia baada ya wiki mbili hivi. Ukiruka mzunguko mmoja, mzunguko unaofuata hauwezi kukurudishia maua yaliyokwisha kuungua.

Mashine ni ya mjomba. Kazi yangu ni kuibeba mgongoni, nipulizie shamba lake kwanza, kisha mashamba ya watu kwa malipo. Ndiyo ajira niliyoipata tangu nimalize kidato cha nne; riwaya yangu naiandika usiku na bado haijaninunulia hata soda. Basi, mzunguko wa pili ulipokwisha, kabureta ikafa. Fundi akaifungua, akaipuliza kwa mdomo, akatikisa kichwa. Spea ile hapa haikuwepo, Newala haikuwepo. Binamu yangu akaipata Kariakoo, akaitia kwenye boksi la viatu, akalizungushia selotepu, akaandika jina langu na namba ya simu kwa maka peni, akalipeleka kwenye kaunta ya basi linalokuja Kusini. Akalipia, akapewa risiti, akanitumia picha yake. Ilikuwa Jumanne. Basi likiondoka Dar alfajiri, usiku wa siku hiyohiyo liko huku. Likiharibika njiani, tuseme siku ya pili.

Alhamisi nikapiga simu kaunta ya huku. Akapokea dada mmoja, sauti laini kabisa: "Gari limeshapita Lindi, kaka. Njoo kesho." Ijumaa nikaenda. Akaniambia boksi limepitilizwa, litarudi na gari la kesho. Jumamosi, kesho. Jumapili simu iliita mpaka ikachoka. Jumatatu: "Mzigo wako upo njiani, usiwe na wasiwasi." Nikawa sina wasiwasi. Bodaboda kutoka kijijini kwetu hadi stendi ni elfu tatu kwenda, elfu tatu kurudi. Nikijumlisha safari zote zile napata nusu ya kabureta nyingine. Siku ya kumi na moja binamu akaenda mwenyewe kwenye kaunta ya Dar kuuliza. Boksi alilikuta palepale, chini ya meza, karibu na ndoo ya kupigia deki. Halikuwahi kupanda gari lolote.

Sasa fikiri nami. "Gari limeshapita Lindi." Sentensi hii ni ya kweli! Gari lilipita Lindi. Kila siku ya Mungu gari linapita Lindi. Ila mimi sikuuliza habari za gari. Nilikaa nikaitafuna sentensi hiyo siku nzima kama mtu atafunaye ganda la muwa lililokwisha utamu. Hakuna neno moja ndani yake unaloweza kulishika ukasema hili ni la uongo, na bado nilidanganywa.

Wenzangu wanasema tatizo ni kuchelewa. Mimi sikubali. Kusini tunakujua kuchelewa kuliko wanavyokujua wao. Wazee wetu wanasimulia jinsi walivyokuwa wakisafiri kwenda Dar es Salaam kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Ulifika Ndundu, ukaukuta mto Rufiji, ukasubiri kivuko. Masika watu walilala hapo, mizigo ikalala, samaki wakaoza, abiria wakawa jamaa wa kula pamoja. Mjomba anaisimulia safari kama hiyo huku anacheka, na hajawahi kumsimulia mtu kwa hasira. Hata juzijuzi, Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara upande wa Somanga, nani alimtukana mtu? Tuliambiwa barabara imekatika. Aliyekuwa na haraka alijua afanye nini, na asiye na haraka alikaa.

Mto hausemi kesho. Hiyo ndiyo tofauti. Mto unakuonyesha maji, kisha unakuachia akili yako.

Ndiyo maana nasema yale yaliyonipata yalikuwa mambo mawili, na watu wanayachanganya. Kuchelewa kulininyima siku kumi na moja. "Kesho" ilininyima uamuzi. Kama Alhamisi ile ningeambiwa, "Kaka, hatujui boksi lako lilipo," binamu angekwenda kaunta Ijumaa asubuhi. Au ningetafuta mashine ya kuazima kule bondeni. Au ningewaambia wateja wangu ukweli, na kila mmoja angepanga lake. Njia zilikuwepo tatu, nne. Kila "kesho" ilifunga mlango mmoja, tena kwa upole, bila kelele, na mimi nikashukuru: "Asante, dada." Mtu akiniibia elfu kumi najua nimeibiwa. Huyu aliniibia zile siku ambazo bado ningeweza kufanya jambo, na nikamwambia asante!

Mjomba hapendi maneno haya. Kwake mimi nina papara ya vijana. "Subira," ananiambia, na anayo haki ya kulitamka neno hilo. Msimu wa 2018 wakulima waligomea bei za mnadani. Mwezi Novemba Rais John Magufuli akaamua serikali izinunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wakulima wengi walisubiri malipo mpaka mwaka 2019 umeingia. Mtu aliyepita hapo, ukimlilia habari ya boksi la viatu, anakuona mtoto.

Lakini, mjomba wangu, nakuheshimu na bado nabisha. Subira ya kungoja mvua ni hekima, kwa sababu mvua haina kaunta. Hakuna mtu nyuma ya wingu anayejua itanyesha lini akaamua kukaa kimya. Palipo na mtu anayejua, au anayeweza kupiga simu moja akajua, subira yangu inageuka kuwa mali yake. Anaitumia. Inamwokolea vocha, inamwokolea maneno na bosi, inamwokolea aibu. Nami niliyeitoa sipewi hata stakabadhi. Tunawafundisha watoto kwamba subira yavuta heri, sawa, ila hatuwaambii kwamba heri hiyo mara nyingine inavutwa kwenda kwa mwingine.

Mtaniuliza, si ungelalamika? Zipo mamlaka, nazijua. Kubeba vifurushi na vipeto kibiashara kunataka leseni ya TCRA. Mabasi yenyewe yana LATRA. Risiti ninayo. Imeandikwa kwa maandishi madogo mambo ambayo kampuni haitahusika nayo, na orodha yenyewe ni ndefu kuliko jina la kampuni. Zamani mzigo ulikabidhiwa kwa msafiri, ukaitwa amana. Hukumlipa, au ulimpa ya chai tu, lakini alikuwa na uso, na kwao mnakujua. Amana ikichelewa alikuja mwenyewe kueleza, maana asipokuja mama yake atasikia kisimani. Siseme turudi huko. Amana nazo zililiwa sana, tusidanganyane. Nasema tu kwamba tulipoanza kulipa tulidhani tunanunua uhakika, kumbe na ule uso tuliuacha.

Basi siku ya kumi na mbili boksi likafika. Nilikwenda stendi nikiwa nimejiandaa. Njia nzima juu ya bodaboda nilikuwa natunga matusi, na mimi ni mwandishi, yalikuwa matusi mazuri. Nikamkuta yule dada. Umri wake ni wangu. Mbele yake daftari, simu mbili, moja kioo kimepasuka. Nikamuuliza bila hata salamu: "Kwa nini ulikuwa unaniambia kesho wakati hujui?"

Hakukasirika. Akasema, "Kaka, nikisema sijui unanitukana. Nikisema kesho unaondoka."

Matusi yangu yote yakaisha. Maana ni kweli. Nimesimama mara ngapi mbele ya kaunta nikamwona mtu anayesema "sijui" akitukanwa mbele ya watu, akaambiwa hana elimu, akaambiwa atafukuzwa kazi? Na anayesema "kesho" anaitwa mstaarabu. Kaunta ya Dar haimpokelei simu, vocha anaweka mwenyewe, na bosi amemwambia wateja wasikimbizwe. Uongo ule yeye aliuuza tu. Sisi ndio wateja wake wa kila siku, na ule ukweli ukiletwa mezani tunautemea mate.

Nilisoma mahali habari za Mjerumani mmoja wa karne ya 18, Immanuel Kant. Mzee huyu alishikilia, katika makala yake ya mwaka 1797, kwamba hata muuaji akikuuliza mlangoni rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Hapo simfuati. Muuaji akija kwangu ataelekezwa Msumbiji, na nitalala usingizi. Lakini lipo jambo jingine alilolisema ambalo kwenye ile stendi nililielewa: usimtumie mtu kama chombo cha kufikia shabaha yako tu. Kwa yule dada mimi nilikuwa kitu cha kuondolewa mbele ya kaunta. Na kwa bosi wake, na kwangu mimi niliyekuja na matusi yangu, yeye naye alikuwa nini?

Ningependa kuishia hapo, nionekane nimemsamehe mtu. Lakini nilikuwa sijafika nyumbani.

Nyumbani alikuwepo mama mmoja wa jirani, mjane, ninamwita shangazi. Mikorosho yake si mingi. Alinipa kianzio tangu mwezi wa sita nimpulizie mizunguko yote. Mashine ilipokufa alikuja kuuliza. Nikamwambia, "Kesho, shangazi, spea iko njiani." Akaja tena. "Imeshapita Lindi." Wallahi nilitumia maneno yaleyale! Niliyatoa kaunta nikayabeba moto moto mpaka uani kwake. Na mimi sikuwa na bosi wa kumsingizia. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba nikisema sijui atamchukua yule kijana wa ng'ambo ya bonde mwenye mashine mpya, na kianzio nitarudisha, na kianzio nilishakila.

Siku niliyorudi na boksi nilipita kwake. Ameshika tawi moja, analigeuzageuza. Maua yalikuwa na ule unga, mengine tayari yameanza weusi. Hakuniuliza habari za kabureta.

"Ungeniambia tu, mwanangu," akasema. "Yule wa ng'ambo alipita hapa Jumamosi ile, ananiuliza nipulizie. Nikamjibu nina mtu wangu, anakuja kesho."

Nilisimama. Kalamu ninayo mimi, maneno ninayo mimi, sikupata hata moja.

Kesho yake, kesho ya kweli hii, saa kumi na moja alfajiri nilikuwa shambani kwa mjomba. Mashine iliwaka kwa mvuto wa tatu. Salfa ikapanda juu kama moshi wa njano, harufu yake unaijua kama umekulia huku, inakaa kwenye shati mpaka sikukuu. Kulipopambazuka nikamwona shangazi amesimama mpakani, khanga kichwani, anangoja nizime ili asikike.

"Imepona?"

"Imepona, shangazi."

"Na kwangu lini?"

Neno lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno. Nikalimeza, nikafungua tanki nikachungulia.

"Petroli iliyobaki haimalizi hata hapa kwa mjomba," nikasema. "Na hela ya kuongeza sina. Ile yako nilikula. Sijui lini."

Alinitazama kwa muda. Nilidhani atanitukana, na sijui kwa nini nilikuwa namngojea anitukane. Akajifunga khanga vizuri.

"Haya. Ngoja niwahi ng'ambo kabla hajatoka."

Akashika njia ya bondeni. Umande ulikuwa bado.