Walio Chini

Mwanangu anayeishi Chicago amejenga sebuleni tangi la kioo lenye matumbawe na samaki wa baharini. Nilisifu maji yale maangavu, hadi aliponiteremsha chumba cha chini ya nyumba. Huko maji machafu hushuka kwa bomba na kupita kwenye mawe yenye bakteria. Hao hugeuza amonia, sumu ya taka za samaki, kuwa naitriti, kisha naitreti isiyo kali sana. Ndipo pampu huyarudisha juu. Wakifa bakteria, samaki nao hufa.

Nilikumbuka shule niliyoiongoza Handeni. Wakaguzi walisifu usafi wake, nami nikapokea sifa. Mzee aliyesafisha vyoo, akibeba ndoo za maji wakati wa ukame, nilimwita “wewe”. Jina lake sikuliuliza. Sasa nina deni, na mdai simjui.