Moto wa Vitambulisho

Mei 2025, katika uwanja wa michezo hapa Goma, waasi wa M23, waliokuwa wameuteka mji, waliwaonyesha waandishi wa habari wanaume 181 na kudai kuwa ni Wanyarwanda wanaoishi Kongo kwa vitambulisho bandia. Vitambulisho hivyo vikachomwa papo hapo. Tarehe 17 watu wapatao 360, wengi wao wanawake na watoto, walivushwa mpaka kwenda Rwanda. Kwa mujibu wa shirika la Human Rights Watch, waliohamishwa kwa nguvu walizidi 1,500.

Huenda baadhi yao ni Wanyarwanda kweli, sibishi. Wala kukaguliwa si dhuluma. Mama wa Goma anayepita kivuko cha mpaka cha Petite Barrière alfajiri, beseni kichwani, hutoa karatasi yake bila kunung'unika, kwa kuwa anajua atarudishiwa. Kinachoniumiza ni ule moto. Kitambulisho kikishakuwa majivu, hakuna hakimu atakayekishika kesho na kusema: huyu mlimwonea. Aliyekamata ndiye aliyeshtaki, ndiye aliyehukumu, na ushahidi kauteketeza mwenyewe. Mtu aliyenyang'anywa haki bado anaweza kudai. Huyu amenyang'anywa hata cha kudaia.

Ndiyo maana naona uwajibikaji huanza mapema, kabla ya mahakama: pale panapobaki alama ambayo mwenye bunduki hawezi kuifuta. Mji huu unalijua hilo. Tarehe 30 Agosti 2023 wanajeshi wa serikali waliua zaidi ya watu 50 katika kuzima maandamano yaliyokuwa yameandaliwa dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Video ya askari wakitupa miili ndani ya lori ikasambaa, na Kinshasa ikashindwa kunyamaza. Tarehe 2 Oktoba mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo Kanali Mike Mikombe. Adhabu ya kifo siiungi mkono hata kwa kosa zito kama lile. Lakini afisa mwenye nyota begani alisimama kizimbani, akaulizwa, akatakiwa kujibu.

Kwa waliohamishwa Mei 2025, nani ataulizwa? Kifungu cha 49 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 kinakataza kuwahamisha kwa nguvu watu wa eneo lililokaliwa kijeshi. Kipo, ila hakiwezi kujitetea chenyewe. Kinahitaji majina, tarehe na nyaraka.

Basi wewe uliyeandika majina ya waliohamishwa, uwe mfanyakazi wa shirika, chifu au jirani tu, yatunze. Ukiwa na nakala ya kadi ya mmoja wao, itoe Goma na uihifadhi mahali pengine.