Mzigo Unapobaki Kichwani

Kijiweni kwa bodaboda ubishi wa pikipiki hauna mwisho. Mmoja anaapa kwamba Boxer ndiyo mashine ya milimani: ifungie gunia la viazi, ipakie na abiria, bado inapanda. Mwenzake anamkatiza. TVS inanusa mafuta tu, anasema, na spea zake utazikuta hata duka la kijijini. Wa tatu anawakumbusha Honda ya marehemu babu yake, iliyopita mikononi mwa mafundi wengi na bado ikawaka kwa kiki moja. Watabishana juu ya shokapu, juu ya cheni, juu ya ipi itauzika baada ya miaka miwili ya kupigika. Ubishi huo una elimu ndani yake, kwa kuwa hawa ni watu wanaokula kwa pikipiki, na anayetaka kununua chombo afadhali awasikilize wao kuliko tangazo la dukani. Ila mtu mmoja huwa hayupo wakati wa kulinganisha: yule anayekutana na pikipiki hizo akiwa kwa miguu.

Milima ya Usambara, upande wa Lushoto, ni mahali pazuri pa kumtafuta. Lami inapanda kwa kona nyingi kutoka Mombo hadi mjini, na mbele ya hapo sehemu kubwa ya maisha hupita kwenye vijia. Ni njia zilizochongwa na nyayo, zenye upana wa mtu na mzigo wake. Zinapita ukingoni mwa mashamba ya kabichi na karoti, zinakatiza mbele ya milango ya watu, zinashuka hadi kijitoni na kupanda tena ng'ambo. Humo wanapita watoto wa shule, akina mama wenye kuni, ng'ombe, mbuzi, na wageni wanaotembea milimani na waongozaji wao kuelekea kijiji cha Mtae. Humohumo, siku hizi, inapita pikipiki.

Pikipiki yenyewe si ngeni vijijini. Kabla ya bodaboda alikuwapo bwana shamba na Yamaha yake, au padri aliyekwenda kusalisha kigango cha mbali. Yamaha AG100, mojawapo ya zile za zamani, ilitengenezwa ikiwalenga wakulima na wafugaji wa Australia na New Zealand. Cheni yake imefunikwa yote isile tope, na ina keria mbele na nyuma. Ndugu yake DT125 ilikuwa na gurudumu la mbele la inchi 21, kwa sababu jiwe ambalo gurudumu dogo huligonga, kubwa hulipanda. Zote mbili zilichoma oili pamoja na petroli, ndiyo maana zikaacha moshi wa buluu nyuma yao. Honda nao, katikati ya miaka ya 1970, waliunda CG125 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na matengenezo ni ya kubahatisha. Injini yake ni rahisi kuielewa na ngumu kuiua. Viwanda vya China viliiga muundo huo, na pikipiki nyingi za bei nafuu zilizoingia Afrika Mashariki zina damu yake. Kufikia mwaka 2010 Tanzania ilikuwa imetunga kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji. Kilichokuwa chombo cha mtumishi kikawa kazi ya kijana.

Sasa tulinganishe tukiwa tumesimama pembeni mwa njia, na kapu la mboga kichwani.

Boxer ya cc 150 ina uzito wa kilo 120 na kidogo, kabla hajapanda mtu. Magurudumu yake ya inchi 17 yamekusudiwa barabara. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu, mvua ikiwa imenyesha usiku, uzito huo ukianza kuteleza haumsikilizi dereva wala breki. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ambao kijiweni hauhesabiki hata kuwa mwendo, pikipiki hula zaidi ya mita 8 kila sekunde. Kona za vijia vya Lushoto, zilizozibwa na migomba, mara nyingi hazionyeshi zaidi ya hatua chache mbele. Mtoto akitokea hapo, hesabu imeshafungwa kabla mkono haujafika kwenye breki. Hakuna aina ya pikipiki inayoibadilisha hesabu hiyo. Mwendo wa kuingilia kona ndio unaoweza.

Halafu kuna njia yenyewe. Dereva anayefunga breki ya nyuma hadi tairi likaburura, au anayepiga resi kwenye utelezi gurudumu likizunguka mahali pamoja, huchimba mfereji. Mvua inayofuata inaufuata. Baada ya masika moja kijia kimekuwa korongo dogo, na watu wa miguu wanaanza kupita juu ya mahindi ya mtu. Ndivyo hivyo kwa dimbwi: anayelizunguka kukwepa tope huipanua njia hadi shambani, na anayepita katikati taratibu huiacha ilivyo. Dereva stadi hushuka mlima kwa gia ndogo, injini ikimshikia, breki akizigusa tu.

Jambo hili lina uzito zaidi Usambara kuliko mahali pengi. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa Mlalo kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kazi ngumu iliyochukiwa sana, na mpango huo ulikufa mwishoni mwa miaka ya 1950. Miaka ya 1980 ukaja mradi mwingine, SECAP, uliohimiza miti na majani ya mifugo yapandwe kwenye kontua. Watu wa huko wamekaa vizazi na vizazi wakiushika udongo wao usishuke bondeni. Mfereji wa tairi si kitu kidogo machoni mwao.

Lakini malalamiko ya wazee, ukikaa nao, mara nyingi hayaanzi na udongo wala ajali. Yanaanza na salamu. Njiani watu husalimiana. Mdogo hutoa shikamoo, mkubwa huitikia marahaba, kisha huulizana habari za huko watokako, na hapo ndipo mtu anapojua nani amelazwa, nani amefiwa, bei ya viazi sokoni Lukozi imeamkaje. Pikipiki imeifupisha salamu hiyo kuwa honi. Kijana aliyelelewa vizuri, ambaye akiwa kwa miguu angesimama na kuinamisha kichwa, akiwa juu ya tandiko anampita mama wa makamo ya mama yake kwa mlio unaomrusha kando. Hana nia ya kumdharau. Mikono yake imejaa na injini inamzidi sauti. Hata hivyo mama amedharauliwa, na anajua.

Kurekebisha hilo hakuhitaji pikipiki mpya. Ni kuachia mafuta mapema, kubana klachi, kuiacha injini ingurume chini kwa chini, kisha kusema kwa mdomo: "Shikamoo mama, naomba njia." Anayeitikia atajisogeza mwenyewe, upande anaouona yeye kuwa salama. Mbele ya ng'ombe au punda ni bora kuizima kabisa, mnyama akapita, kwa kuwa mnyama haelewi honi inamtaka aende wapi. Na anayeshuka mtupu amsubiri anayepanda na mzigo, iwe mzigo uko kwenye keria au kichwani.

Mtu akisema vijana hawa hawana adabu, amerahisisha mno. Wengi wanaendesha pikipiki ya bosi, na jioni hesabu inatakiwa mkononi, mvua inyeshe isinyeshe. Wengine wako kwenye mkataba: wakilipa bila kukosa, chombo kitakuwa chao, wakikosa, kinarudishwa. Kila dakika ya kusubiri ng'ombe avuke inatoka kwenye hesabu hiyo. Nao ndio wanaogongewa dirisha usiku wa manane mjamzito akishikwa na uchungu mahali gari halifiki. Kijiji kinachowahitaji hivyo hakina haki ya kuwaita wahuni mchana. Bosi anayepanga hesabu naye ni mtumiaji wa njia, hata kama hajawahi kuikanyaga, na ingefaa aulizwe habari ya mwendo wa kijana wake kabla kijana mwenyewe hajaulizwa.

Mijini zimeshaanza kuonekana pikipiki za umeme: za Ampersand huko Kigali, ambako dereva hubadilishiwa betri na kuendelea na safari, na za Roam zinazoundwa Nairobi. Zikifika vijiani, moshi na kelele vitapungua, na hiyo ni neema. Ila mtu wa miguu amezoea kutahadharishwa na kelele ileile inayomuudhi. Chombo kinachokuja kimyakimya nyuma ya bibi asiyesikia vizuri kinadai adabu zaidi kwa dereva wake, na dereva huyo itabidi sauti yake iende mbele kuliko ilivyokuwa ikienda ya injini.

Mwenye kutaka kulinganisha pikipiki za kijiji chochote cha milimani na asimame saa kumi na moja jioni pale njia inapobanwa na kingo, watu wakirudi kutoka mashambani. Mlio unasikika kutoka bondeni. Wanawake wanausikiliza, wanautambua ni wa nani. Kwa mmoja, wanashusha kuni, wanawavuta watoto mikono na kupanda nao juu ya ukingo, wanangoja hadi vumbi litulie. Kwa mwingine hawasimamishi hata mazungumzo. Wanasogea nusu hatua, kuni zikiwa zimebaki kichwani, na mmoja wao anaanza kuitikia marahaba kabla pikipiki haijatokeza kwenye kona.