Gari Imekwama au Limekwama?

Katika hadithi yangu, bibi mmoja wa kwetu Msangano anasema: "Gari ya Tunduma imekwama." Mhariri akapitisha wino mwekundu: "Gari la Tunduma limekwama." Haya. Lakini ndugu msomaji, bibi kakosea nini?

Kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Je, kabla ya hapo watu walikuwa wakibwabwaja tu? Hata kidogo! Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein aliona kwamba kanuni hukaa katika mazoea ya watu. Bibi naye anayo: mtoto akisema "gari kimekwama", atamcheka, kisha atamsahihisha.

Basi nikisimulia mimi, nitaandika "limekwama", ili hata wa Mombasa anisome bila kujikwaa. Akisema bibi, wino mwekundu ukae mbali.