Fimbo Juu ya Mwili wa Binti

Mwaka 1861 msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, alifika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Akawakuta wake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa hata kusimama wakashindwa. Akamwona pia binti wa miaka 16 akinyweshwa maziwa, baba yake kaketi karibu, fimbo mkononi, asije akaacha. Huo ndio uliokuwa uzuri wa Karagwe, na binti yule hakuulizwa.

Ndugu zangu, fimbo ile haijatupwa! Imebadilisha mikono tu.

Mkoani Kagera, iliko Karagwe hiyohiyo, ndiko walikoonekana wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania, mwaka 1983. Kukonda kukawa hukumu. Mtu akipungua kidogo kwa malaria, majirani walikwisha kumzika kwa macho. Ikaja 1994: televisheni ya ITV ikaanza kurusha matangazo, na shindano la Miss Tanzania likarudi baada ya kupigwa marufuku kwa miaka mingi. Wakapita jukwaani warefu wembamba, na mwili ulionong'onezewa kaburi jana ukavishwa taji. Kisha video za muziki zikadai nyonga pana na kiuno chembamba, figa namba nane, na wauza "dawa za Kichina" za kukuza makalio wakapata soko. Leo sindano za semaglutidi, zilizotengenezwa kwanza kwa ajili ya wenye kisukari, zinasakwa duniani kote na watu wanaotaka tu kupungua, hadi Shirika la Afya Duniani likatoa onyo, Juni 2024, juu ya zile bandia.

Yupo mama wa Kagera ambaye, tangu ujana wake hadi uzee, ameambiwa yote haya kuwa ndiyo uzuri, moja likilikanusha jingine. Udongo aliofinyangwa nao haukubadilika hata siku moja! Waliobadilika ni wenye fimbo. Basi wana haki gani ya kumhukumu mjukuu wake?

Na fimbo hiyo inaumiza kweli. Wapo wasichana wanaomeza deksamethasoni ili mashavu yajae. Ni dawa inayookoa wagonjwa mahututi. Lakini ukiimeza ovyo hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, huzilaza tezi zilizo juu ya figo, na baada ya kuizoea, ukiiacha ghafla waweza kupoteza uhai. Uhai, wapendwa, kwa ajili ya mashavu!

Samweli alipoingia kwa Yese alimtazama Eliabu, kimo chake na sura yake, akadhani amempata mfalme. Mungu akamzuia, kwa kuwa Yeye huutazama moyo. Samweli alikuwa nabii. Ikiwa nabii alitekwa na umbo, sisi tunaolala na simu mkononi tutapona vipi tusipokesha?

Sisemi mwili usitunzwe. Daktari akikwambia punguza chumvi, punguza. Presha haina mzaha.

Lakini wewe shangazi, binti wa kaka yako anaingia mlangoni kutoka shule, hajaketi, nawe unampokea kwa "Mbona umekuwa bonge hivi, nani atakuoa?" Nyamaza, mama! Mpokee begi, mpe maji, muulize masomo. Wewe kaka unayemwita mwenzako kimbaumbau mbele ya watu, jua kwamba usiku ule hatakula au atakula kwa machozi. Nanyi makungwi, mnaomwambia mwari kwamba ndoa yake imo nyongani mwake, mwambieni habari za heshima, kazi na kicho cha Mungu. Hata sisi wahubiri tumo: mara ngapi tumelichekesha kanisa kwa unene wa bibi harusi? Tutubu.

Jumapili hii, kabla hujatoka ibadani, mtafute yule uliyewahi kuusema mwili wake. Mwombe radhi mbele ya walewale waliokusikia ukimcheka.