Nukta ya Mita Kumi

Mwaka jana niliingia darasani na picha mbili. Ninafundisha jiografia kidato cha tatu hapa Mbulu, na mada ilikuwa usomaji wa picha zinazopigwa kutoka angani.

Picha ya kwanza ilipigwa kwenye sayari ya Mirihi tarehe 18 Februari 2021, siku roboti ya Marekani iitwayo Perseverance ilipotua huko. Setilaiti inayoizunguka Mirihi ilielekeza kamera yake, HiRISE, ikainasa roboti hiyo ikishuka kwa parachuti, kutoka umbali wa kilomita 700 hivi. Kamera hiyo inapopiga picha ya ardhi iliyo chini yake, kila nukta hubeba kama sentimita 30. Darasa zima lilishangilia.

Picha ya pili ilikuwa ya Mlima Hanang, jirani yetu, baada ya Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa sehemu ya mlima ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya karibu kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Picha ilitoka kwenye setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata bila malipo. Nilionyesha makovu ya kahawia kwenye miteremko ya kijani na kuanza kueleza mmomonyoko.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono.

"Mwalimu, nyumba yetu iko wapi hapo?"

Sikujua kama kwao ni Katesh. Nilikuza picha. Ikawa miraba ya rangi tu, kwa sababu katika picha hizo kila nukta ni mita 10 kwa mita 10. Nyumba, choo, zizi na mti wa uani vyote vinaingia katika nukta moja, na rangi yake ni ileile ya tope.

"Haionekani," nilimwambia.

"Mbona parachuti ya Mirihi inaonekana?"

Nilimjibu kuhusu gharama na upana wa eneo, na kwamba zipo setilaiti za biashara zinazoona vizuri zaidi ukiwa na pesa. Yote ni kweli. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, na aibu hiyo haikuhusu kamera.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Tunaweza kuitazama Mirihi mchana kutwa bila kudaiwa chochote, kwa kuwa hakuna mtu pale. Hakuna anayezikwa, hakuna anayesubiri simu yetu. Picha ya Hanang inadai. Anayeiona anaingia katika deni dogo kwa walio ndani yake, na mimi nililipita deni hilo nikawahi mmomonyoko. Niligeuza msiba wa mtu kuwa kifaa cha kufundishia, na mwenye msiba ameketi mbele yangu.

Je, kamera kali zaidi ingeokoa watu? Peke yake, sidhani. Perseverance ilionekana kwa sababu kuna watu waliopanga mapema setilaiti iwe wapi, saa ngapi, na nani aipokee picha. Kilichoilinda roboti ile kwanza ni kujaliwa, na kamera ikafuata. Mlima nao unahitaji mtu aliyepewa kazi ya kuutazama msimu wa mvua, na mtu wa pili wa kupigiwa simu usiku, ambaye akisema hameni, watu watahama. Mawingu yakiziba kamera, mtu huyo bado anaweza kusikia korongo linavyounguruma.

Kipindi kilichofuata nilimwomba radhi msichana yule mbele ya wenzake. Kisha nikampa chaki, kama angependa. Alichora mlima, korongo, barabara, halafu nyumba nne, akitaja kila moja ni ya nani. Moja akaiwekea msalaba. Hakuna aliyeuliza.

Sasa naanza mada hiyo na ramani za ubaoni. Setilaiti zinakuja baadaye, wanafunzi wakishajua nani anaishi ndani ya nukta.