Tushike Kamba

Wapendwa, je, mtu analazimika kuhatarisha maisha yake kwa ajili ya asiyemjua?

Tarehe 13 Januari 1982 ndege ilianguka katika mto Potomac, Washington, Marekani. Mto ulikuwa umefunikwa na barafu. Watu 78 walikufa. Sita walionekana wakishikilia mkia wa ndege. Helikopta ilipoteremsha kamba, Arland Williams aliwapa wenzake. Iliporudi kumchukua, alikuwa amezama. Mama mmoja aliposhindwa kuishika kamba, Lenny Skutnik, mfanyakazi wa ofisini, alijitupa majini akamvuta hadi ukingoni.

Maji ya barafu hayana mzaha. Ukitumbukia, unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka. Kichwa kikiwa ndani, unavuta maji. Dakika chache baadaye mikono inakufa ganzi, hata mwogeleaji hodari anashindwa. Kwa hiyo anayejitupa humo ili aonekane shujaa anachezea uhai aliopewa.

Basi tujibu nini? Kutoa uhai ni zawadi, si deni, asiyeruka tusimhukumu. Lakini kabla helikopta haijafika, mtu mwingine aliingia mtoni akiwa na kamba ya kuungaunga, na watu wa ukingoni wakaishika. Hilo la kushika kamba ndilo deni letu sote. Wengi wetu tulivuka ziwa tukapokelewa na mikono ya watu tusiowajua. Twajua basi: hakuna aliye maskini hata asiweze kumshikia mwenzake kamba.